Chombo Kisicho na Mtu, Ghorofa ya Nne

Jumamosi, Darsait. Joto lenye unyevu, vioo vya madirisha vinatoka jasho kwa nje.

Samahani. Najua nimekaa sana. Mara ya mwisho kuandika hapa bloguni nilikuwa na tumbo kubwa, nikaahidi kwamba mtoto akizaliwa tu nitakuja kusema. Mtoto amezaliwa. Leo ana wiki tano na siku mbili. Sikuandika kwa sababu kila nilipopata mkono mmoja mtupu nilikuwa nakula kwa huo mkono, na nilipopata yote miwili nilikuwa nalala. Sina udhuru mwengine.

Leo naandika kwa sababu nna hasira.

Nimejaribu kuitoa kwa kusugua jiko. Jiko linang'aa, hasira iko pale pale.

Nianzie mwanzo, asije mtu akapita hapa akanidhania vibaya. Mume wangu, Nassor, anafanya kazi kwenye visima vya mafuta huko jangwani. Wiki mbili yuko kazini, wiki mbili yuko nyumbani, lakini safari hii mwenzake ameumwa na zile mbili zimekuwa tano na bado. Mama yangu yuko Unguja anamuuguza baba, hawezi kumwacha. Kwa hiyo arobaini yangu naikaa na Ilham, binti yangu wa miaka sita, na huyu mdogo ambaye kazi anazozijua ni mbili, kunyonya na kulia kwa sababu hajanyonya.

Chakula naletewa. Lazima niseme haki. Mama mkwe wangu, Bi Thuwaiba, anakaa Ghubra, mtaa mwengine wa mji huu huu, na kila mchana kikapu kinatoka kwake kuja kwangu: supu ya kuku, uji wa pilipili manga, boko boko la ngano na nyama, mikate, chai ya maziwa ndani ya themosi. Anapika mwenyewe. Dereva wake, Baraka, ndiye anayeleta. Baraka ni mtu mzima kutoka Mombasa, ana wajukuu, na ana adabu zake. Anaona haifai yeye kupanda kuja kugonga mlango wa mwanamke mzazi na mumewe hayupo. Basi anaingiza kikapu ndani ya lifti, anabonyeza nne, anatoka, halafu ananipigia simu.

"Madam, mzigo umepanda."

Ilham anakuwa ameshasimama kwenye mlango wa lifti. Mlango unafunguka, anakiburura kikapu ndani. Kisha tunavitia humo vyombo vya jana, anabonyeza sifuri, vinashuka.

Wiki tano hivyo. Kikapu kinapanda, vyombo vinashuka. Mtu hapandi.

Sasa Ilham. Mwalimu wao wa sayansi aliwapa kazi ya kufuatilia chombo cha mizigo kinachopelekwa kwenye kile kituo cha anga za juu, kinachozunguka dunia na watu ndani yake. Chombo chenyewe hakina mtu. Kinarushwa kwa roketi, kinajiendesha, kimejaa chakula na maji na nguo na vifaa vyao vya utafiti. Mimi masomo yangu yaliishia sekondari na sayansi ilinipita mbali, lakini nikinyonyesha Ilham ananiwekea video mbele ya uso na kunieleza, na kwa kuwa siwezi kukimbia, nimejifunza. Mpaka najua kwamba kikikaribia hakiendi moja kwa moja. Kinasogea, kinasimama. Watu wa chini wanaulizana, kila mmoja anajibu sawa, ndipo kinasogea tena. Najua pia kwamba wale wa juu huagiza. Kuna watu kazi yao ni kujua nani kule juu ameishiwa soksi na nani anataka sosi ya pilipili. Na kwenye mfuko wa mwisho hutiwa matunda mabichi, wakifungua mlango wanapata harufu ya matufaha.

Niliposikia habari ya matufaha nililia. Ilham akadhani kichanga kimeniuma.

Nnachotaka kusema ni kwamba lile jambo limemwingia mtoto. Lifti kwake si lifti tena. Ananyoosha mkono, anahesabu kurudi nyuma, anasema, "Kimefunga gati." Mimi nacheka. Nilikuwa nacheka.

Mpaka Alhamisi.

Kwetu, na nimemfundisha mwenyewe, jirani akikuletea bakuli la kitu humrudishii bakuli hivi hivi. Unatia japo sukari, japo tende tatu. Tangu nijifungue nimekuwa navirudisha vyombo vya Bi Thuwaiba vimeoshwa lakini havina kitu, na kila mara roho inaniuma, lakini nitapika nini na mkono upi? Ilham akaniuliza mara moja, "Mama, mbona vya bibi tunarudisha vitupu?" Nikamwambia, "Hatuna cha kutia, mwanangu." Nikafikiri yameisha.

Alhamisi hiyo ndiyo siku chombo chao kiliporushwa. Mwalimu akawatumia na video ya chombo kilichotangulia, namna kinavyomaliza kazi. Wale watu wakishatoa vitu vyao, hawakirudishi kitupu. Wanakijaza taka. Nguo chafu, makaratasi, mabaki ya chakula, vyote vinafungwa vizuri ndani, chombo kinaachiwa, kinaungua kikiwa njiani kurudi duniani.

Mimi nilikuwa nimelala na mdogo kifuani, simu ya Baraka akaipokea Ilham mwenyewe.

Ilham akachukua hotipoti ya Bi Thuwaiba, ile kubwa yenye maua ya dhahabu. Akatia nepi mbili, amezikunja vizuri kama nnavyozikunja mimi. Akatia maganda ya ndizi, na vile vitambaa vya kufutia mtoto. Akafunga kifuniko mpaka kikalia. Akabonyeza sifuri. Aliniambia nilipoamka, kwa furaha kabisa, "Mama, leo hatujarudisha kitupu. Nimepata cha kutia."

Nikaruka kutoka kitandani na mshono wangu huu. Nikampigia Baraka.

"Baraka, hotipoti usiifungue! Usiipeleke!"

"Madam, mimi vyombo sifungui. Nimeshakabidhi zamani."

Bi Thuwaiba aliifungua mbele ya wageni. Wake wa shemeji zake walikuwa wamekuja kumtembelea, akaona hotipoti ina uzito, akafurahi, akasema, hebu tuone mkwe wangu ametutilia nini.

Sauti aliyoituma kwenye kundi la familia nimeisikiliza mara nyingi kuliko inavyostahili. "Mimi sisemi kitu. Sisemi kitu kabisa. Nimepika, nimepeleka, wiki tano. Leo nimerejeshewa uchafu wa mtoto ndani ya chombo cha kulia. Huyo Ilham halelewi. Mama yake hajiwezi, nami simlaumu, lakini mtoto halelewi."

Kundi lina watu thelathini na kitu. Wengine wakacheka. Wengine wakaandika la haula. Wifi yangu mmoja akauliza mtoto anatazamishwa nini huko Darsait. Mimi nikaandika maelezo marefu juu ya chombo na kituo na taka, nikayasoma, nikayafuta, nikaandika tu, "Samahani mama, mtoto hakukusudia ubaya." Nassor kutoka jangwani akaandika, "Tutazungumza."

Tutazungumza! Na nani? Alinipigia usiku huo, kelele za mitambo nyuma yake, akanambia, "Mama anataka kusaidia tu. Chakula si kinakuja?"

Kinakuja, nikamwambia. Kinakuja, Nassor. Nikakata simu, nikajuta, lakini sikupiga tena.

Halelewi. Neno hilo lilikaa na mimi Ijumaa nzima. Niliposuka nywele zake lilikuwepo. Alipojifunga kanga yangu akaniletea maji bila kuambiwa lilikuwepo. Mtoto wa miaka sita anayejua kupima joto la maji kwa kiwiko, wiki tano sasa, ndiyo halelewi?

Na leo asubuhi.

Chombo kilikuwa kinafika. Tumekaa mimi na yeye kwenye busati, mdogo katikati, tableti imeegemezwa kwenye mto. Unakiona kile kitu cheupe kinakuja kidogo kidogo kwenye giza, nyuma yake dunia yote ya buluu inapita chini. Hakuna mtu ndani. Watu wawili waliomo kituoni wamekaza macho, na kule chini chumba kizima cha watu wazima kimenyamaza. Ilham amenishika kidole. Hata mimi pumzi ilikatika. Kwa ajili ya maji na soksi! Nikasema moyoni, tazama watu wanavyongojana.

Simu ikalia. Baraka.

"Madam, habari ya asubuhi. Niko chini. Leo sijaleta mzigo, nimekuja kuchukua."

"Vyombo? Vyombo viko tayari, ngoja."

"Vyombo, ndiyo. Na mtoto."

Nikasema labda sikusikia. "Na nani?"

"Huyu msichana, Ilham. Mama amesema akae Ghubra mpaka bosi arudi. Amesema umfungie nguo zake, umuweke kwenye lifti pamoja na vyombo. Mimi nitampokea hapa chini, madam, usiwe na wasiwasi. Nitasimama mlangoni kabisa."

Hapa nitaandika kitu ambacho sijamwambia mtu. Kwa muda wa pumzi tatu hivi nilikubali. Niliona chumba bila sauti yake. Niliona nimelala. Nikaona begi lake la waridi liko wapi na nguo gani ningetia kwanza. Mtoto mwenyewe kidole changu amekishika. Nilipojikuta nafikiria soksi zake ndipo hasira ilipopanda, na sijui mpaka sasa ilikuwa juu ya Bi Thuwaiba au juu yangu.

Nikasema, "Baraka, usiondoke hapo. Nakuja mwenyewe."

"Madam, wewe umezaa juzi..."

"Nakuja."

Nikatupia buibui juu ya gauni la kulalia. Mdogo mkononi. Ilham akabeba hotipoti na themosi za jana, analalamika kwamba kimebakisha mita kumi na tutakosa. Tukaingia lifti. Vyombo vimeoshwa na ndani hamna hata tende, nami roho haikuniuma hata kidogo.

Mlango wa chini ulipofunguka joto likatupiga kama tumefungua tanuri. Gari liko kwenye kivuli cha duka la vipuri, injini inanguruma. Baraka amesimama nje. Nimeshafungua mdomo, maneno yote nimeyapanga, ndipo nikaona kioo cha nyuma kimeteremshwa nusu, na mkono wenye tasbihi umetulia juu yake.

"Mama?" nikasema. "Uko hapa?"

"Nipo. Ningekuwa wapi?"

"Umekuja lini?"

Baraka akakohoa. "Madam, kila siku tunakuja naye."

"Baraka, nyamaza," akasema Bi Thuwaiba.

Kila siku. Wiki tano. Anapika, anapanda gari na kikapu miguuni, anakuja mpaka mlangoni kwangu, anakaa kwenye kiti cha nyuma, anasubiri vyombo, anaondoka.

"Mbona hupandi?"

Akatazama mbele. "Siipandi ile."

"Ipi?"

"Hiyo lifti yenu. Mwaka ule mlipohamia ilinifungia humo, mimi na mwanamke mmoja wa Kihindi na gunia lake la vitunguu. Nilimaliza dua zote nnazozijua, nikaanza za kubuni. Na ngazi, magoti haya hayanifikishi."

"Unaiogopa."

"Siiogopi. Siipandi."

"Na Ilham je, mama?" Nilisikia sauti yangu inapanda, na mwenye duka akatoa kichwa nje. Sikujali. "Wewe mtu mzima hutii mguu humo hata kwa mjukuu uliyemngoja miaka, unakaa kwenye gari wiki tano. Halafu mtoto wa miaka sita nimfungie humo peke yake na masufuria, nibonyeze sifuri?"

"Watoto hawaogopi."

"Hawaogopi kwa sababu hakijawakuta! Sikupi Ilham. Nakuheshimu, na chakula chako kimenisimamisha, wallahi bila hicho ningeanguka. Lakini mwanangu simtumi kama chombo. Na usiseme tena mbele ya watu kwamba halelewi. Njoo umuone kwanza anavyolelewa, halafu useme."

Tasbihi haikusogea. Ilham akaona nafasi yake, akasogea kwenye kioo na hotipoti kifuani.

"Bibi, zile taka ulizichoma?"

"Nini?"

"Taka zangu. Zinatakiwa ziungue njiani. Usipochoma, haijakamilika."

Baraka akageuka akatazama tairi. Bi Thuwaiba alibana mdomo, mabega yakaanza kumtikisika, akavuta mtandio akajifunika uso. Mimi sikucheka. Ningecheka ningelia, na nisingelia pale mbele ya duka la vipuri.

Alipofunua uso macho yalikuwa mekundu. Akasema taratibu, "Nilikuuliza. Siku ya tatu, nilikupigia, nikakuuliza, mwanangu unataka nini. Ukanijibu nini?"

Nikajua nilijibu nini.

"Ukanambia, sitaki kitu mama, dua zenu tu. Basi nikakuombea. Na kupika nikapika, kwa sababu kupika najua. Nyengine nitajuaje?"

Ni kweli. Nilijibu hivyo kwa sababu ndivyo nilivyolelewa kujibu, na nilipokata simu nikangoja aelewe kwamba nilikuwa na maana nyengine. Wiki tano nimengoja. Nimekasirika mno juu ya mtu ambaye hakusikia kitu ambacho sikukisema. Lakini bado nimekasirika. Sioni kwa nini lazima moja lifute jengine.

"Wewe ungejibuje?" nikamuuliza.

"Ningejibu hivyo hivyo," akasema. Akapokea themosi kwa dirishani, akapokea hotipoti, akanusa ndani, akaiweka. Kisha akanyoosha mkono akamgusa mdogo kwenye unyayo kwa ncha ya kidole. Ndiyo mara ya kwanza anamgusa tangu hospitali.

"Niandikie," akasema. "Kila kitu. Na usiniandikie dua."

Gari likaondoka. Tulipofika juu chombo kilikuwa kimeshafunga gati, watu wanapeana mikono. Ilham amenuna saa nzima kwamba nimemkosesha, na ana haki. Sasa wamelala wote wawili, mchana huu, mmoja huku mmoja kule, na mimi naandika hapa kwanza ili nione maneno yanakaaje, kisha nitamtumia yeye peke yake, si kwenye kundi.

Mama, nnahitaji hivi. Nepi namba mbili, si namba moja, ameshakuwa. Supu ipumzike, nitumie samaki wa kukaanga, ndimu nyingi, na wali mweupe. Mafuta ya nazi ya nyumbani, kichupa kimoja kinatosha. Sabuni ya kufulia isiyonukia. Kanga mbili kuukuu za pamba, zile zilizofuliwa mpaka zimelainika, kama unazo. Daftari la mistari la Ilham na kalamu za rangi, na mtu wa kukaa naye nusu saa akisoma, kwa sababu mimi nasinzia kwenye ukurasa wa pili na yeye anajifanya hajaona. Unamtia aibu ukisema kwenye kundi. Nataka useme humo humo kwamba hakukosa adabu, na useme kwa sauti yako, usiandike.

Nataka saa mbili za usingizi kila siku baada ya adhuhuri. Hizo haziji kwenye kikapu. Aje mtu, ambebe mdogo, afunge mlango wa chumba, asinifungulie hata nikiita.

Nataka mtu huyo awe wewe. Ni ngazi sabini na mbili, Ilham amezihesabu sasa hivi kabla ya kulala. Njoo saa moja asubuhi kabla ya joto, Baraka akubebee mkoba mpaka juu, mimi nitakuwa nimeacha mlango wazi. Pumzika kila ghorofa, hakuna anayekukimbiza. Nimeshaomba viti kwa majirani, viko tayari, kimoja kila kituo. Kile cha ghorofa ya tatu kina mguu mmoja mbovu, kwa hiyo kikalie upande wa ukutani.